Kitanda Usichokilalia: Maswali na Majibu juu ya Mipaka ya Mtazamo katika Historia ya Masasi na Newala

Marudio haya ni ya mtahiniwa wa Historia anayesoma Lulindi, Masasi, Newala na vijiji vya jirani. Maswali yanayoanza na "Tathmini" au "Je, unakubaliana?" huwaangusha wengi wenye kumbukumbu nzuri. Wanamwaga majina na miaka, ila hawamwambii msahihishaji aliyeandika habari hizo alikuwa amesimama wapi, nani alimsimulia, na nani hakuulizwa. Mifano yote hapa chini inatoka kwetu au inatugusa. Mtahiniwa wa Lulindi hana sababu ya kukimbilia mifano ya Ulaya wakati historia ya mlangoni kwake imejaa.

Swali la 1. Eleza maana ya "mipaka ya mtazamo". Inatofautianaje na uongo na upendeleo?

Mwongo anajua kwamba analosema si kweli. Mwenye upendeleo anaegemea upande, na ukimsoma kwa makini utauona huo upande. Mtu mwenye mtazamo wenye mpaka anaweza kuwa mkweli kabisa na mwenye nia njema, lakini kuna mambo hayamfikii: kwa sababu ya lugha anayoijua, jinsia yake, cheo chake, dini yake, muda aliokaa, au watu waliomzunguka. Kila shahidi wa historia ana mpaka wa namna hii, na mwanahistoria anayemsoma shahidi huyo ana wake pia.

Andika tofauti hii mwanzoni mwa insha. Wanaoiruka huishia kumwita kila Mzungu mwongo na kila mzee wa kijiji mkweli, na insha inakufa hapo.

Swali la 2. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake. Kwa nini wageni walishangaa kuona watu wanaishi huko, na wenyeji walikuwa na sababu gani?

Juu ya uwanda udongo ni wa kichanga. Mvua ikinyesha maji huzama, na chemchemi hujitokeza chini kwenye miteremko na mabondeni. Kwa vizazi vingi akina mama wa Newala walishuka kuchota na kupanda tena na mtungi kichwani, mpaka mradi wa maji wa miaka ya 1950 ulipoanza kupandisha maji kwa pampu. Mgeni aliyetoka nchi ambako miji hujengwa kando ya mito aliyatazama hayo akaona watu waliokosea kuchagua makazi.

Wenyeji walihesabu mambo ambayo mgeni hakuyaona. Simulizi la asili ya Wamakonde, ambalo Mjerumani Karl Weule aliliandika mwaka 1906, lasema kwamba mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti ikawa mwanamke, wakaoana. Watoto wao wa kwanza walizaliwa wafu huko chini, na walipopanda juu ndipo mtoto akaishi. Wakausiwa wasijenge karibu na maji makubwa. Leo tunajua malaria inavyowala watu wa mabondeni. Pamoja na hilo kulikuwa na hofu ya kutekwa: vichaka vizito vya uwandani vilikuwa kinga dhidi ya wakamata watumwa na wavamizi. Wangoni, waliojulikana huku kwa jina la Magwangwara, waliishambulia Masasi mwaka 1882. Aliyekaa bondeni karibu na maji alikuwa karibu na maji na karibu na adui.

Mtahiniwa hodari haishii hapo. Wasimulizi wa Weule walikuwa hasa wanaume. Hoja ya kukaa juu ilisimuliwa na wanaume, na mitungi ilibebwa na wanawake. Hatuna simulizi la mwaka 1906 la mwanamke wa Newala akieleza kama na yeye aliona makazi yale yana faida kuliko gharama. Ukiandika sentensi moja kama hiyo, msahihishaji ataona kwamba unafikiri.

Swali la 3. Tathmini maandishi ya Karl Weule kama chanzo cha historia ya Masasi na Newala.

Weule alikuwa mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig. Alikusudia kwenda sehemu nyingine ya koloni, lakini mpango ukabadilika akaja kusini mwaka 1906. Alikuja na mashine ya kunasa sauti na mashine ya kupiga picha za sinema, akakaa miezi kadhaa Masasi, Newala na vijiji vya kati, na kitabu chake kikatoka mwaka 1908. Nguvu yake ni kwamba alinasa nyimbo, ngoma, vyombo na hadithi wakati ambao wachache sana walifanya hivyo. Tusimdharau kwa hilo.

Sasa mpaka wake. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza Julai 1905, na misheni ya Masasi ilichomwa mwaka huohuo. Mwaka uliofuata anatokea Mjerumani mwenye askari wa serikali nyuma yake, anawaita wazee na kuwauliza juu ya mila zao. Mzee gani, ambaye jirani yake amefungwa au amenyongwa, atamfungulia moyo? Mengi Weule aliyapata kwa watu waliozoea kuishi karibu na boma, na kwa wakalimani. Anapoandika kwamba watu wa mahali fulani ni wazito wa kusema, tumesoma juu ya hofu yao mwaka ule. Hatujasoma tabia yao.

Swali la 4. "Kisa cha Masasi" ni kipi?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote katika marudio haya, nalo lipewe muda.

Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, yaani UMCA, ilianzisha kituo Masasi mwaka 1876 chini ya Askofu Edward Steere, kwa watu waliokombolewa utumwani na kuletwa kutoka Zanzibar. Kutoka hapo ilienea Newala, Chitangali, Lulindi na kwingineko, katikati ya Wayao, Wamakua na Wamakonde. Makabila haya hufuata ukoo wa mama, na kwa wote hao kijana hakuhesabiwa mtu kamili mpaka apitie jando, wala binti mpaka apitie unyago.

Misheni ikakwama hapo. Ikikataza jando, Wakristo wangewapeleka watoto kwa siri, au wangewapeleka kwenye jando la Kiislamu lililokuwa likienea kusini. Ikiruhusu kila kitu, ingebariki matambiko ambayo iliyaona ni kinyume cha imani. Katika miaka ya 1910 likaanza jando la Kikristo: kambi ya porini ikabaki, mafunzo ya heshima na utu uzima yakabaki, sherehe ya kurudi nyumbani ikabaki, lakini zikaingia sala, baraka ya kasisi na mafundisho ya dini, na vikaondolewa vilivyoonekana kuwa vya mizimu au vya matusi. Masasi ilipofanywa dayosisi mwaka 1926, Vincent Lucas akawa askofu wake wa kwanza, hadi 1944. Aliandika na kuhutubia juu ya jambo hili, na jina lake likavuma katika makanisa ya Kianglikana kama mmishenari aliyethubutu kuheshimu mila za Waafrika wakati wenzake wengi walizikanyaga.

Lucas anastahili sifa. Alikuwa na unyenyekevu ambao wengi wa wakati wake hawakuwa nao, kwani alikiri kwamba Mzungu hawezi kuamua peke yake kipi katika mila ni kibaya. Kukiri huko ndiko kunafanya kisa hiki kiwe mfano bora wa mada yetu. Lakini aliyeujua mpaka wake mmoja anaweza bado kutouona mwingine. Lucas alipenda kuona kabila lililotulia chini ya mwenye mji, wakati watu wa Masasi walikuwa mchanganyiko wa Wayao, Wamakua, Wamakonde, Wamwera na waliokombolewa utumwani, waliohama kwa vita na njaa, na vijana wao walitaka shule, mshahara na nguo kama vijana wa pwani. Kijana yule yule aliyetoka jandoni alitaka pia kuwa karani.

Kisha kuna suala la mjomba. Katika jamii ya ukoo wa mama, mwenye sauti juu ya kijana ni mjomba wake. Yeyote aliyezoea kumtafuta baba wa mtoto ili apate idhini alikuwa anabisha mlango usio wenyewe.

Swali la 5. Wanahistoria wenyewe walikionaje kisa hiki? Onyesha jinsi mtazamo wa mwanahistoria unavyoweza kuwa na mpaka.

Mwaka 1972 Terence Ranger, aliyekuwa amefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1963 hadi 1969, alichapisha utafiti wake juu ya kisa cha Masasi katika kitabu alichokihariri pamoja na Isaria Kimambo. Kitabu hicho kilikuwa cha kuwarudishia Waafrika nafasi yao katika historia ya dini. Ranger aliutazama mradi wa Lucas kwa jicho kali, akaonyesha ulipofaulu na uliposhindwa. Makasisi Waafrika hakuwasahau. Hata hivyo hadithi ilibaki kuwa ya mmishenari anayerekebisha mila: mtendaji ni Lucas, na Waafrika wanaitikia.

Mwaka 2008 Anne Marie Stoner-Eby akakirudia kisa hicho hicho kwa kuanzia upande mwingine. Alisoma kwa makini walichoandika makasisi Waafrika wenyewe, akafikia uamuzi kwamba hao ndio walioliongoza wazo la jando la Kikristo na kulipa umbo, na Lucas alilipokea, akalitetea na kulitangaza kwa lugha ambayo Uingereza ingeielewa.

Fikiria walikuwa akina nani. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, alipewa upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza kuupata katika UMCA, na alikuwa akifanya kazi Chitangali tangu miaka ya 1880, kabla Lucas hajaiona Afrika. Kolumba Msigala aliandika kumbukumbu zake mwenyewe. Na Vita ya Kwanza ya Dunia ilipozuka mwaka 1914, Wajerumani waliwakamata wamishenari Waingereza na kuwaweka kizuizini; makanisa, shule, ubatizo na mazishi vikabaki mikononi mwa makasisi na walimu Waafrika. Watu walioibeba misheni peke yao katika miaka ya njaa na wapagazi wa kulazimishwa hawakuhitaji kufundishwa na mtu jando ni nini.

Kwa nini Ranger, mwanahistoria aliyetaka kwa dhati kuwainua Waafrika, hakulifikia hilo? Jibu langu ni kwamba njia ya nyaraka humpeleka msomaji ilikotengenezwa. Askofu anapoandika kitabu, barua zake huhifadhiwa, hotuba zake hupigwa chapa, na jina lake linakuwa kichwa cha faili. Kasisi wa kijijini anaandika ripoti fupi kwa Kiswahili, nayo inazikwa ndani ya faili lenye jina la askofu. Mtafiti mkweli akifuata majina ya mafaili ataandika historia ya maaskofu.

Angalizo kwa mtahiniwa: usiandike kwamba Stoner-Eby "alimshinda" Ranger. Mashahidi wake nao walikuwa wanaume, Wakristo, waliosoma, na wengi wao wenye cheo kanisani. Ngariba asiyejua kusoma, aliyeona kambi yake ikichukuliwa na kasisi, hajaandika ukurasa hata mmoja. Mtafiti wa kesho ana kazi bado.

Swali la 6. Kwa nini marekebisho ya unyago hayakufika yalikofika yale ya jando?

Aliyeamua alikuwa hawezi kuona. Askofu na makasisi walikuwa wanaume. Wasingekubaliwa kuingia kwenye unyago, na kasisi Mwafrika hapa alikuwa kipofu sawa na Mzungu. Wamishenari wanawake, wengi wao wasioolewa, walisikia habari za unyago kwa vipande na kuogopa walichosikia juu ya mafunzo ya ndoa na mwili. Wakataka kuondoa hayo. Kwa makungwi, kuyaondoa hayo kulikuwa kuondoa somo lenyewe, maana binti alikuwa anaandaliwa kwa ndoa na uzazi. Wazazi wengine wakakubali unyago wa kanisani kisha wakawapeleka binti zao kwa makungwi ili wafundishwe vilivyobaki.

Jando lilirekebishwa na watu waliolipitia. Unyago ulitakiwa kurekebishwa na watu ambao hawakuupitia, na waliokuwa nao mikononi hawakuwekwa mbele. Hapa ndipo pa kutumia methali "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake".

Swali la 7. Mpango wa karanga wa 1946 hadi 1951 unahusianaje na mada hii?

Jibu fupi, maana mpango huu mnaufahamu. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa watu 3 chini ya John Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo Tanganyika. Walizunguka kwa wiki 9, sehemu kubwa kwa ndege na gari, kisha wakapendekeza kulima ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na, huku kwetu, Nachingwea. Kongwa udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji karanga zikiwa bado ardhini, na mvua zikawa haba, jambo ambalo Wagogo hawakuhitaji kuambiwa na ujumbe wowote. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara ilibaki. Reli ya Nachingwea iling'olewa miaka ya 1960.

Usiandike kwamba walishindwa kwa sababu walikuwa wajinga. Wakefield alikuwa mtaalamu wa kilimo na aliijua nchi. Huenda uzoefu wake huohuo ulimfanya asione haja ya kuuliza.

Swali la 8. Je, kukaa muda mrefu kunatosha kuondoa mipaka ya mtazamo?

Kunasaidia sana. Daktari Leader Stirling alifika Lulindi mwaka 1935 kama daktari wa UMCA, akafanya upasuaji katika mazingira magumu, na akaendelea kuishi kusini kwa miaka mingi. Akawa raia wa Tanzania, mbunge, na Waziri wa Afya kuanzia 1975 hadi 1980. Mtu aliyekaa wiki 9 na mtu aliyezeeka hapa hawawezi kuona sawasawa.

Lakini Lucas naye alikaa miongo mitatu, na bado unyago ulimshinda. Muda humfikisha mgeni kwenye mlango. Kuingia ndani kunategemea kama wenye nyumba wamemkaribisha, na vyumba vingine hakaribishwi mtu wa namna yake hata akikaa miaka 100.

Swali la 9. Mwenyeji naye ana mipaka ya mtazamo? Toa mfano wa wakati wetu.

Anayo, na mtahiniwa anayekataa hilo hupoteza alama. Aliyekilalia kitanda miaka mingi huwazoea kunguni mpaka asiwahisi.

Chukua kangomba, biashara ya kununua korosho kwa mkulima nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, mara nyingi kabla ya mavuno na kwa bei ya kumnyonya. Kutoka ofisini, kangomba ni wizi. Novemba 2018, Rais John Magufuli alipoamuru serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na Jeshi likazisafirisha, ulifanyika uhakiki ili wenye korosho wasio na mashamba wasilipwe. Hoja ya ofisini ilikuwa na haki ndani yake, kwani wako waliotajirika kwa shida za wengine. Kutoka kijijini picha ni tofauti: mwezi wa Julai mtoto anaumwa, ada inadaiwa, na mnada bado haujafunguliwa. Anayekuja na fedha mkononi siku hiyo haonekani mwizi.

Ila mkulima naye haoni yote. Haoni soko la dunia, wala meli na bei za wanunuzi wa India na Vietnam. Na mwanamume anayesema "sisi wakulima" mara nyingi hamhesabu mkewe aliyeokota korosho zile moja moja chini ya mti kisha asiulizwe fedha zitumikeje. Wote hawa wanasema kweli kuhusu wanachokiona. Jibu zuri huwaweka pamoja kabla ya kutoa hukumu, na hukumu itolewe. Mtahini hatafuti mwanafunzi anayejificha nyuma ya "kila mtu ana maoni yake". Mimi naona kangomba inamnyonya mkulima, na naona pia kwamba sheria isiyompa mkopo wa Julai haitaikomesha.

Swali la kujipima. "Historia ya jando na unyago katika Masasi na Newala bado haijaandikwa na wale waliokuwa ndani yake." Jadili.

Insha ionyeshe mashahidi waliopo: Weule, Lucas, makasisi Waafrika. Kila mmoja aelezwe alifika wapi. Ianzie Masasi, isianzie London. Itaje angalau kundi moja ambalo sauti yake haipo, na ieleze kwa nini haipo. Alama za mwisho ni za hukumu yako mwenyewe ikiwa na sababu.

Halafu kuna kazi ambayo haimo kwenye mtihani, nami nawaomba muifanye. Likizo ya Juni mtakuwa nyumbani, na mwezi huo ngoma hulia vijijini. Kaeni na bibi zenu, wajomba zenu, makungwi na mangariba wa zamani wanaokubali kuzungumza. Wasichana waende kwa wanawake, wavulana kwa wanaume. Andika jina la kijiji, mwaka ambao msimulizi alichezwa, nani walikuwapo, na kama sherehe ilikuwa ya kanisa, ya msikiti au ya mwenye mji. Asilotaka kulisema usimlazimishe. Andika tu kwamba hapo alinyamaza. Madaftari yapelekwe kwa mwalimu wa Historia shule zikifunguliwa.